Mtego Niliowategea Kaka Zangu

Kwa aliyenikosa juma lililopita, habari kwa ufupi ni hii. Sisi wana wa Ostrander tulikuwa watatu. Lemuel, mkubwa wetu, alikuwa na benki. Asa, wa kati, alikuwa na yadi ya magari ya mizigo na nyumbu wasiopungua mia. Mimi Orrin, kitinda mimba, nilikuwa na duka. Tulitoka Ohio na gari moja na jiko la chuma la mama, tukafika Wyoming penye upepo mtupu, na katika miaka kumi na minne tukaujenga mji wa Sabin kwa mikono yetu.

Niliishia pale Crandall alipotuzidi kete kwa mara ya tatu.

Crandall ndiye aliyekuwa tajiri wa Dunlap, mji ulio maili thelathini kusini kwetu. Mwaka ule, 1887, reli ilikuwa inakuja, na ingepita Sabin au Dunlap, si kote kuwili. Tukitaka zabuni ya nyasi za jeshi, Crandall ameshaipata. Tukitaka mawe ya kinu, Crandall ameshayanunua. Tukaenda kutazama kiwanja tulichodhani kitafaa stesheni, tukakuta vigingi vyake vimeshachomekwa.

Mambo hayo matatu yalizungumzwa mahali pamoja tu: mezani kwa Lemuel, Jumapili baada ya kanisa, mlango umefungwa. Wake zetu walikuwa jikoni. Mezani tulikuwa watatu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijua si mimi. Basi alikuwa mmoja wa kaka zangu.

Nataka kukiri jambo moja kabla sijaendelea, maana nikilificha, yote yatakayofuata yatakuwa uongo. Nilipojiuliza ni nani, jibu lilinijia upesi mno. Nilisema moyoni: Asa.

Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na kijicho. Asa alikuwa mtu wa watu. Akiingia dukani kwangu, wateja waliokuwa wananinunia kwa ajili ya bei walianza kucheka. Hettie, mke wangu, alicheza dansi na Asa mwaka mzima kabla hajacheza na mimi. Hakukuwa na lolote baina yao, lakini mimi mwaka ule nilikuwa na kijicho hicho kifuani kama mtu mwenye jino bovu ambalo hataki kuling'oa.

Nikaamua kutega mtego.

Hettie alikuwa anakanda unga nilipomweleza. Nilimwambia nitampa kila kaka uongo wake, kisha nitakaa nione uongo wa nani utafika Dunlap.

Hakuacha kukanda. "Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo," alisema.

"Asiye na hatia atanaswaje?"

"Sijui. Mtegaji ni wewe. Na ukishamjua, utamfanyaje? Maana hao ni ndugu zako, Orrin, si panya."

Ukweli ni kwamba sikuwa nimefikiri mpaka hapo.

Jumatatu nikaenda yadi. Nilimkuta Asa amelala chali chini ya gari, anapaka ekseli grisi, miguu tu ndiyo inaonekana. Nikachuchumaa nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba reli itahitaji maji, na kwamba nimesikia chemchemi ya Paa inauzwa kimya kimya. Nikamwomba asimwambie mtu, nataka kuinunua kwa niaba yetu sote.

"Wewe na maji," alisema kutoka chini ya gari. "Tangu lini muuza sukari akajua habari za chemchemi?"

"Asa, nimekupa siri."

"Haya, bwana siri. Nisukumie hilo kopo la grisi kwa mguu."

Mchana ule ule nikapita benki. Lemuel nikampa uongo wa pili: kivuko cha mzee Hagan kinauzwa, nami nakitaka. Alinisikiliza kama alivyowasikiliza wakopaji, macho nusu yamefumbwa, anasugua kisiki cha kidole chake kilichokufa kwa baridi mwaka wetu wa kwanza. Akaniuliza kama nimemwambia Asa. Nikasema hapana. Akasema vizuri, mambo ya namna hii yabaki baina yetu.

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kishetani.

Siku nane baadaye dereva wa gari la posta aliingia dukani kununua tumbaku, akaleta na habari. Crandall amenunua chemchemi ya Paa. Amelipa zaidi ya thamani yake, tena kwa haraka, kama mtu anayekimbizwa. Kivuko cha Hagan hakikutajwa.

Nilikaa juu ya gunia la maharage. Nilichokitafuta nilikuwa nimekipata.

Sikwenda kwa Asa. Nilikwenda kwa Lemuel. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nami nalitaja hapa ili msinihurumie mapema.

Lemuel alinisikiliza hadi mwisho na hakushangaa hata kidogo. Wakati ule nilidhani ni utulivu wa mtu mzima. Alisema imemuuma, lakini alikuwa anashuku tangu Juni, na kwamba jambo hili tulimalize wenyewe kabla mji haujajua. Akamtuma karani wake akamwite Asa, akamwambia asirudi mpaka kesho.

Asa alikuja na harufu ya nyumbu, kofia mkononi, anatabasamu. Alidhani kuna habari njema ya reli. Lemuel akaniashiria kwa kichwa niseme mimi.

Nikasema. Nikaeleza mtego wote toka mwanzo. Kadiri nilivyosema ndivyo tabasamu lilivyomtoka, taratibu, kama maji yanavyozama mchangani.

"Ulinitega," alisema.

"Niliwatega wote wawili."

"Na kaka ulimpa nini?"

"Kivuko cha Hagan."

Asa akamgeukia Lemuel, akamtazama kwa muda mrefu. Lemuel alikuwa anashindilia tumbaku kwenye kiko.

"Orrin," Asa akasema, macho bado yako kwa Lemuel, "habari ya chemchemi nilimwambia mtu mmoja tu. Jioni ile ile nilikwenda kumuuliza kama benki itakusaidia kuinunua, kwa sababu nakujua una haya ya kuomba. Mtu huyo yumo humu ndani."

Lemuel akawasha kiko. "Hakuna aliyekuja kwangu jioni ile," alisema. "Usitafute wa kumtwisha, Asa. Umekamatwa, kubali kiume."

Basi ikawa neno la huyu na neno la yule. Kaka zangu wawili mbele yangu, mmoja anasema kweli na mmoja anasema uongo, na wote wawili wana macho ya mama.

Nikamchagua Lemuel.

Asa hakupiga kelele. Laiti angepiga. Lemuel alivuta mtoto wa meza akatoa karatasi: Asa ajitoe kwenye ushirika wetu watatu wa benki na wa duka, abaki na magari yake tu, na tangazo la kujitoa litoke gazetini. Karatasi ilikuwa imeshaandikwa, wino umekauka. Nami sikujiuliza iliandikwa lini.

Asa akatia sahihi bila kuisoma. Akavaa kofia. Alipofika mlangoni akasimama.

"Ulipokuwa na homa nilikuvusha Mto Platte mgongoni, unanitapikia shingoni," aliniambia. "Sikukuona mzito. Leo ndiyo nimekuona mzito."

Akaenda zake.

Lemuel alikuwa amesema mji usijue. Kufikia siku ya pili mji mzima ulijua, tena kwa undani: chemchemi, Crandall, mtego, kila kitu. Mimi sikusema. Hettie hakusema. Asa asingejitangaza mwenyewe. Hilo nalo nililiona, nikalipita kama mtu anayepita karibu na nyoka akijiambia ni kamba.

Wenye mizigo walianza kumkimbia Asa. Walisema mtu anayeuza siri za ndugu yake atashindwaje kuuza unga wao. Juma halikuisha kabla hajahamisha nyumbu wake, mkewe Delia na watoto wao watano, akaenda kukaa kwenye kituo cha zamani cha gari la posta, maili ishirini kutoka mjini, nyumba ya magogo yenye paa la udongo.

Asubuhi ya kuondoka Delia aliingia dukani. Hakusalimu. Akaweka juu ya kaunta blanketi la viraka ambalo Hettie alimshonea mtoto wao wa mwisho, akageuka akatoka. Hettie alilikunja akaliweka kabatini. Kwa wiki mbili zilizofuata nilikuta chakula changu mezani kimepoa, na mke wangu ameshalala.

Oktoba telegramu ilifika. Reli itapita Dunlap.

Mliowahi kuona mji ukifa mnajua kwamba haufi kwa kishindo. Kinyozi alifunga kwanza. Kisha fundi viatu. Kisha nikaona watu wanapandisha nyumba nzima juu ya magogo, mlango na madirisha yake, wakaivuta kwa maksai kuelekea kusini. Lemuel alinisihi nisiwe na pupa. Benki imesimama, alisema, na penye benki pana mji.

Nilimwitikia. Lakini katikati ya Novemba nilitandika farasi nikaenda Dunlap peke yangu kutafuta kiwanja cha duka. Sikumuaga. Nilikuwa nimeanza kuona haya kumwambia kila kitu, na haya hiyo sikujua inatoka wapi.

Dunlap ilikuwa nyundo tupu. Mkabala na mahali pa stesheni, kwenye kona, palikuwa na jengo la matofali mekundu la ghorofa moja, jipya kabisa. Mwashi alikuwa juu ya jukwaa la mbao anachonga herufi kwenye jiwe juu ya mlango. Nilisimama tu kukaza mkanda wa tandiko. Nikainua macho.

O, S, T, R, A, N. Alikuwa ameanza D.

"Jengo la nani hili?" nilimuuliza.

Alikuwa Mwelisi, mtu wa Wales, kichwa kimejaa vumbi kama mtu aliyetoka kwenye kinu. "Kama unajua kusoma, subiri kidogo, nakaribia kumaliza. Kama hujui, ni benki."

"Benki ya nani?"

"Ya bwana mmoja wa Sabin. Mwenye ndevu, amepungukiwa na kidole. Mgumu wa bei kuliko mama mkwe wangu. Ila mshahara wangu nauchukua kwa Crandall kila Ijumaa, huyo hana maneno."

"Alikupa kazi lini?"

"Mei. Ningemaliza zamani, jiwe la kwanza lilipasuka."

Mei. Mtego wangu niliutega Septemba.

Kiwanja sikukitazama tena. Niligeuza farasi. Njiani nilijihifadhi kwenye zizi la mfugaji mmoja, na asubuhi yake, theluji ikidondoka, nikaingia benki na matope yangu hadi magotini. Lemuel alikuwa peke yake, anaandika barua.

"Nimeliona jiwe," nilisema.

Akaweka kalamu chini. "Funga mlango, unaingiza baridi."

Nikafunga. Kisha nikasema yote niliyoyabeba maili thelathini, mengine siwezi kuyaandika gazetini. Alisubiri niishiwe na pumzi.

"Ni kweli," alisema. "Asa alikuja jioni ile. Alipotaja chemchemi, nami mchana ule nimetoka kusikia kivuko, nikajua umetega. Wewe hujui kudanganya, Orrin, toka utoto masikio yanakuwa mekundu. Nikachagua uongo upi umfikie Crandall. Crandall ni mwenzangu tangu masika. Nyasi, mawe ya kinu, kiwanja, vyote nilimpa mimi."

"Kwa nini?"

Akanionyesha kiti. Sikukaa. Basi akaniambia nikiwa nimesimama jambo ambalo kumbe alikuwa analilalia tangu Machi. Ile baridi ya mwaka uliotangulia, iliyoua ng'ombe wa bonde zima hadi tukawa tunapita juu ya mizoga, iliua na benki. Wafugaji waliokopa kwetu hawakuwa na cha kurudisha ila ngozi. Ndani ya lile kasha la chuma hamkuwa na kitu cha kujibu watu wakija wote siku moja. Siku benki itakapoanguka, sheria itamfuata kila mshirika, duka lake, nyumba yake, mpaka kitanda.

"Isipokuwa aliyejitoa, na tangazo lake likamaliza siku sitini gazetini," alisema. "Huyo hawamgusi, wakili amenihakikishia. Asa ana watoto watano. Ningemwambia ajitoe angekataa, unamjua, angesema tuzame pamoja. Ikabidi afukuzwe. Na afukuzwe kwa jambo ambalo mji mzima utaliamini. Nilikuwa nahangaika nipate jambo gani, wewe ukaniletea."

Nilimuuliza jengo la Dunlap ni la nani.

"La Asa. Crandall ndiye anayelijenga, ndiyo bei ya siri nilizompa. Asa hajui bado. Tukianguka hapa, jina letu litaanza upya kule, likiwa safi."

"Na mimi je? Jina langu si limo kwenye ushirika?"

Alisugua kisiki cha kidole. Kwa mara ya kwanza siku ile hakunitazama.

"Wewe huna watoto, Orrin."

Tulikuwa naye mmoja. Aliitwa Lydia, aliishi miezi saba. Lemuel mwenyewe ndiye aliyechonga jeneza lake, na alilichonga vizuri.

Nilimuuliza jina lake yeye kama limo. Akasema limo, tutazama wawili. Mkataba wenyewe wa ushirika ulikuwa ndani ya kabati nyuma yake, ufunguo uko mfukoni mwa kizibao chake, na hakuutoa. Nami sikumwomba autoe. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikumwomba, na jibu ninalo ila silipendi: niliogopa kusoma.

"Siku sitini zinaisha lini?" nilisema.

"Jumamosi."

Ilikuwa Jumatano.

"Mlango huu ukiwa wazi hadi Jumamosi, Asa amepona," alisema. "Ukifungwa leo, au wewe ukitoka hapo nje ukasema neno moja tu, anazama na watoto wake. Siku tatu, mdogo wangu. Simama hapa na mimi, watu wakuone, usalimie. Hujawahi kumfanyia Asa kitu maishani. Mfanyie hiki."

Lemuel hakuwa mtu wa kusema uongo mtupu. Uongo wake siku zote ulikuwa na ukweli ndani, na kazi ilikuwa kujua unaanzia wapi. Huenda alikuwa anamwokoa Asa kama alivyosema. Huenda alikuwa anataka siku tatu za kujiokoa mwenyewe, afike Dunlap chini ya lile jiwe, aniache mimi nimeshika kitasa cha mlango. Nikiliangalia jambo upande huu lilikuwa kweli. Nikiligeuza, lilikuwa kweli vile vile.

Nilikuwa bado nafikiri hivyo mlango ulipofunguliwa.

Aliingia Bi Torgersen, mjane wa Kinorwe aliyekuwa akifuga kondoo juu ya kijito. Huyu ndiye aliyekaa na Hettie siku tatu mfululizo Lydia alipokuwa anatutoka, na ndiye aliyemwosha, maana mama yake hakuweza. Alipigapiga viatu kudondosha theluji. Akatuambia ameuza kondoo wote, anakwenda kwa dada yake Nebraska kumaliza majira ya baridi, na hataki kusafiri na mzigo wa kumtia hofu. Akaweka juu ya kaunta soksi ya sufi iliyofungwa fundo.

Lemuel alikuwa ameshainuka, anatabasamu, kitabu cha stakabadhi mkononi.

Bi Torgersen hakumpa. Alikuja upande wangu.

"Si kwamba simwamini kaka yako," alisema. "Ila barabarani watu wanasema mengi, na mimi ni mwanamke wa peke yangu, hii ndiyo yote. Wewe ulinishikia beseni nikimwosha mwanao. Niambie wewe, Orrin. Nikiiacha hapa, nitaikuta?"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya soksi. Nyuma yake Lemuel hakuwa anatabasamu tena. Alikuwa ananitazama masikio.

Niliwaona watoto wa Asa chini ya lile paa la udongo, mmoja mmoja, kwa majina yao.

"Bi Torgersen," nilisema, "kaa kwanza."

Hakukaa.

"Nimekuuliza ndiyo au hapana," alisema.